Bahari ya Beni

Kila bahasha ya baba ilinuka dawa ya picha, harufu kali kama siki, na mimi niliamini kwamba ndivyo bahari inavyonuka. Butembo, mji wetu wa bara, hakuna aliyeweza kunibishia. Tulikuwa na milima, ukungu wa asubuhi na kahawa iliyoanikwa uani, lakini maji makubwa kuliko kidimbwi cha ng'ombe sikuwahi kuyaona. Baba alikuwa Mombasa kibiashara, ndivyo tulivyoambiwa, na madereva wa malori walituletea picha zake: amevaa suti, nyuma yake bonde jembamba linateremka kati ya miamba hadi baharini, na mchangani kuna safu ya nyumba nyeupe. Ile yenye paa la kijani, mama alisema, ndiyo yetu. Siku moja baba angekuja kutuchukua.

Angani, katika kila picha, palikatiza mstari mnyoofu. Mama alisema ni waya wa umeme. Watu wa pwani wana umeme hata mbinguni. Nilitamba shuleni mpaka wenzangu wakaniita Mtoto wa Bahari, na sikukasirika hata kidogo. Waliosema asiyekuwapo na lake halipo hawakumjua mama yangu. Jumapili baada ya misa aliwakalisha wageni mbele ya picha zile, na baba akawa mwenye nyumba kuliko wanaume waliolala majumbani mwao.

Kiangazi kimoja, nikiwa darasa la nne, mama mdogo Kahindo alinipeleka Beni, mji wa jirani, kwenye harusi. Desturi ilikuwa ile ile ya kwetu: ukishavaa nguo mpya, lazima upite studio ya picha kabla jasho halijaiharibu. Nilipovuka tu mlango nikasikia harufu ya baba. Kisha nikaliona bonde, nyumba nyeupe, paa la kijani, vyote vimechorwa kwenye pazia. Angani, pale vipande viwili vya kitambaa vilipoungwa, mshono ulikatiza mnyoofu.

“Hii fasi iko wapi?” nikamuuliza mpiga picha.

“Fasi gani? Ni rideau tu, mutoto. Niliiga yake ku foto ya kalendrie. Simama muzuri, hapana kunja uso.”

Ukutani alikuwa ametundika picha za wateja ili kuwavutia wengine. Baba alikuwamo, suti ile ile, bahari ile ile, pamoja na mwanamke nisiyemjua na mtoto mapajani.

“Ule njo papa yangu,” nikasema.

Akacheka. “Ule? Ule iko na magasin apa ku soko. Batoto bake ninabajua bote.”

Nilimgeukia mama mdogo. Alikuwa anatengeneza kitenge chake, ambacho hakikuwa na kasoro yoyote. Alijua. Picha yangu ya siku ile ninayo bado, nimekunja uso mbele ya bahari.

Nyumbani nilimweleza mama huku nalia. Hakuacha kuchambua maharage.

“Najua, Masika. Papa yako ku bahari, ile ni heshima. Papa yako Beni na bibi ingine, ile ni haya. Nyamaza.”

Kikulacho ki nguoni mwako. Baba alinidanganya akiwa mbali, na hilo ningeweza kulimeza. Mama alinidanganya huku akinisuka nywele, na hilo linaniuma mpaka leo.

Siku hizi barabara ya Beni watu huipita kwa hofu. Mama tulimzika kijijini Vuhovi. Baba alikimbia vita mikono mitupu, yule mwanamke akashika njia yake, na sasa mzee anakula kwangu. Juzi binti yangu alipata kwenye simu picha za zamani za pwani ya nchi ya mbali, nyeusi na nyeupe. Bonde lilikuwa lile, nyumba zile zile. Kijani cha paa labda alikitia mchoraji mwenyewe. Kumbe mahali pale palikuwapo kweli. Baba akaisogeza simu machoni, akamtabasamia mjukuu wake.

“Eee! Apa njo nilikuwa naishi, wakati ya Mombasa.”

Binti yangu akanitazama kwa furaha, akingoja niitikie.

“Papa,” nikasema, “na ule mushono wa juu mbinguni, baliutoa lini?”

Baba akaiweka simu mezani polepole.

“Mushono gani, mama?” mtoto akauliza.

Nikavuta kiti, nikamweleza yote, baba akiwa palepale anasikia.