Mbunge wa Mwisho wa Dunwich

Ukimsalimia Papa Percy Noronha asubuhi, atakuitikia vizuri, halafu kabla hujafunga zipu ya koti lako atakuwa ameshafika Dunwich. Mimi ni jirani yake, mlango kwa mlango, ghorofa ya kumi na moja, Etobicoke, hapa Toronto. Habari ya Dunwich nimeisikia kwenye lifti, nimeisikia kwenye chumba cha kufulia, na mara moja nimeisikia kwenye ngazi za dharura, king'ora cha moto kikilia na sisi sote tukishuka na watoto mgongoni. Mzee alikuwa nyuma yangu, anasimulia.

Kwa asiyebahatika kukutana naye: Dunwich ni mji wa pwani ya mashariki ya Uingereza. Zamani ulikuwa bandari kubwa, ukapewa wabunge wawili. Kisha bahari ikaanza kuula. Dhoruba moja ilichukua nyumba, nyingine ikachukua soko, nyingine makanisa, karne baada ya karne, hadi kikabaki kijiji kidogo tu. Lakini wabunge walibaki wawili vilevile. Wapiga kura walifikia kuwa thelathini na kitu, na wengine wao hata hawakukaa huko. Wakati huohuo Manchester, mji wa viwanda uliofurika watu, haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Mambo yalikwenda hivyo mpaka mwaka 1832, bunge lilipotunga sheria na kulifuta jimbo la Dunwich pamoja na mengine ya namna hiyo.

"Mji umo baharini, mama Divin!" humalizia akijipiga paja. "Raia ni samaki! Na bado wana wabunge wawili!"

Watoto wetu hushangilia akifika Manchester, maana wanadhani anazungumza mpira. Yeye hajali. Msikilizaji ni msikilizaji.

Hadithi hiyo aliipata Tabora alikozaliwa, mtoto wa karani wa reli, Mgoa aliyetoka Goa, India. Mwalimu wao Mwingereza aliwakaririsha historia ya bunge darasa zima kwa pamoja, na walipofika Dunwich, Percy na rafiki yake Gerard walicheka mpaka wakatolewa nje. Huko nje wakaendelea kucheka. Mengine yote ya historia ya Uingereza aliyasahau, kama tulivyoyasahau wengine, ila hilo lilimganda. Yeye na Gerard walihamia Toronto miaka ya sabini, wakafanya kazi ya ukarani kila mmoja kwake, wakastaafu, wakafiwa na wake zao, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi walikaa pamoja kwenye ukumbi wa chini wa kanisa letu, Mount Dennis, baada ya Misa ya Kiswahili.

Misa hiyo ni wao walioianzisha, yeye na Gerard na Wagoa wenzao wa Tanzania na Kenya, zamani sana, sisi wengine tukiwa bado kwetu Uvira, Kongo, hatujui Toronto iko upande gani. Waliunda komite na kuiandikia katiba: Wagoa viti viwili, wengine wote kiti kimoja. Siku hizo ilikuwa haki kabisa, kwani hao wengine wote walijaa kwenye benchi moja. Kisha Wagoa wakaanza kupungua. Baadhi walifariki, baadhi walihamia Markham, nje ya mji, kwa watoto wao, na miaka miwili iliyopita Gerard naye akatutoka. Akabaki Percy. Sisi tukazidi kuja, Wakongo na Warundi, majengo matatu mazima.

Gerard alipofariki, Papa Percy aliweka kofia juu ya kiti chake ili asikae mtu. Tulimwachia, tulijua ni uchungu. Lakini ilipokuja kura alipandisha mkono mmoja, kisha akapandisha wa pili. "Huu wa Gerard," alisema. Na mwenyekiti wetu, Papa Eustache, Mrundi asiye na kura ila anayependa utaratibu kuliko chai, alifungua katiba akasema haikatazi.

Jambo lililotugonganisha lilikuwa saa ya Misa. Ilikuwa saa tatu asubuhi, kama Tabora. Sisi tunaolea wazee wa watu usiku kucha, na wanaofunga maboksi kiwandani mpaka alfajiri, saa tatu asubuhi tunasinzia kwenye basi. Kiti kile kimoja chetu ni mimi ninayekikalia. Kila mwezi niliomba Misa isogezwe saa tisa alasiri, na kila mwezi nilishindwa kura mbili kwa moja, na moja ya hizo mbili ni ya kofia.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilitoka kazini moja kwa moja, miguu imevimba, nikashindwa tena. Halafu kwenye chai nikamkuta Papa Percy amezungukwa na watoto, yuko Dunwich, anajipiga paja. Nyani haoni kundule. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi.

"Papa Percy," nikasema, "na hapa kwetu Dunwich ni nani? Sisi tuko majengo tatu imejaa watu, tuko na kiti moja. Ninyi muko mtu moja na kofia, muko na viti viwili!"

Mzee aliweka kikombe chini, akaangalia kile kiti chenye kofia, akawaangalia kina mama waliosimama ukutani na watoto wachanga kwa sababu viti havikutosha. Alivaa koti lake akaondoka, na mimi chai ilinishinda kunywa.

Jioni alibisha mlango wangu. Amefunga tai.

"Mama Divin, umesema kweli. Nimewacheka wale watu tangu nikiwa mtoto, kumbe ni mimi. Mwambie Eustache aweke ajenda: viti vya Wagoa vifutwe."

Badala ya kufurahi, moyo wangu ulishtuka, maana nilijua la Markham. Binti yake Candice ana nyumba kubwa huko, ana chumba cha chini amekitengeneza tangu mwaka juzi, kitanda kimetandikwa. Kila mwezi anamwomba baba yake ahamie, na kila mwezi baba anajibu, "Mwanangu, siwezi kuliacha jimbo langu." Mwisho Candice alichoka, akamtaka aahidi mbele yangu, naye mzee akaahidi: siku atakayotoka kwenye komite, atahamia. Markham ni pazuri, sibishi, ila ni pa kwenda kwa gari, na mchana kutwa Candice na mumewe wako ofisini. Mzee angekaa na nani? Angezungumza Kiswahili na friji?

"Acha basi," nikamwambia. "Sisi tutavumilia. Utaenda kukaa peke yako kule?"

"Nimeahidi."

"Papa Percy, mimi ni hasira tu ilinipanda!"

"Hapana, mama. Dunwich walifutwa na watu wengine. Wenyewe waling'ang'ania mpaka dakika ya mwisho, na maji yamewafika shingoni." Hapo macho yakaanza kumcheka. "Mimi nataka niwe Dunwich ya kwanza kujifuta yenyewe. Mwalimu wetu angeshangaa sana."

Jumapili iliyofuata ya komite, Papa Eustache alisoma katiba: kiti cha kundi hakiondolewi ila kwa kura ya siri ya kundi lenyewe. Basi tukaandaa uchaguzi wa mpiga kura mmoja. Usicheke. Wanakwaya walitundika majoho yao kwenye kamba yawe pazia. Mtu alileta kopo la biskuti, likatobolewa tundu kwenye mfuniko. Eustache akasimama na karatasi.

"Naita wapiga kura. Noronha, Percy!"

"Niko!"

"Akidi imetimia. Kura ni siri, tafadhali watu wote wageukie ukuta."

Tukageukia ukuta, watu mia moja na zaidi. Candice alikuwa mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, amekuja kumchukua baba yake. Sanduku dogo lilikuwa tayari kwenye buti. Kiswahili anakisikia chote, ila tangu nimjue hujibu kwa Kiingereza. Naye akageukia ukuta.

Mzee alikaa nyuma ya majoho muda mrefu. Kisha tukamsikia anasema polepole, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani yake wa benchi, "Na wewe je, Gerard? Unasemaje?" Nikafuta machozi kwa mtandio, na sikuwa peke yangu.

Eustache alifungua kopo mbele ya wote. Akatoa karatasi. Akatazama ndani, akatoa nyingine.

"Kuna shida," alisema. "Mpiga kura mmoja, kura mbili."

"Jimbo lina viti viwili," alijibu Papa Percy. "Changu na cha Gerard. Soma zote."

Ya kwanza, ndiyo, vifutwe. Ya pili, ndiyo, vifutwe.

Eustache alianza kupekua katiba, nami nikampigia kelele kutoka ukutani: "Papa Eustache, andika! Kwetu tumeshaona marehemu wakipiga kura, lakini kwa faida ya watu wengine, hiyo bado!" Ukumbi mzima ulicheka, na Percy alicheka kuliko wote, anajipiga paja. Eustache akaandika.

Halafu mzee alikwenda kwenye kiti cha Gerard, akaichukua ile kofia akaivaa. Aurore, aliyekuwa amesimama na kichanga, akakaa. Misa ikasogezwa saa tisa alasiri papo hapo, watu wakapiga vigelegele, na Percy akamwambia binti yake kwamba yuko tayari.

Kutoka ukumbini ndiyo ikawa kazi. Aurore alimshika mkono: ubatizo ni mwezi ujao, babu wa ubatizo ni yeye, asisahau. Kina mama wa kwaya walimkumbusha bibinka ya Pasaka, ile keki ya Kigoa ya tui la nazi anayoipika tabaka juu ya tabaka. Kijana mmoja alitaka amsindikize ofisi ya uhamiaji siku ya Jumanne. Watoto walimning'inia koti wakitaka Manchester. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba si mjumbe tena. Candice alisimama kando na ufunguo wake, anatazama, anatazama.

Mimi niliomba kumsindikiza mpaka Markham, nikakaa nyuma na birika langu la chai mapajani. Mzee alikuwa mbele, kofia kichwani, mikono juu ya magoti, anaangalia maduka ya Mount Dennis yakipita kama mtu anayeyaaga. Mimi nilikuwa nasali rozari kimyakimya, na sikujua hata naomba nini.

Tukafika barabara kuu ya 401. Mashariki ni Markham. Magharibi ni Etobicoke. Candice akawasha taa ya kupindia, akashika njia ya magharibi.

"Candice," alisema baba yake, "umepotea. Markham ni upande ule."

"Sijapotea, Baba," alijibu Candice, kwa Kiswahili, polepole, anachagua kila neno. "Nakurudisha jimboni kwako."