Kishimo Kisichogeuka Njano

Katika maabara moja ya mji wa Szeged, Hungaria, Etelka alikitazama kibao chenye vishimo vya sampuli. Vyote viligeuka njano, isipokuwa kile chenye maji ya tumboni mwa marehemu mdogo wake, Borka. Kipimo hiki cha prostaglandini, kemikali inayochochea maumivu, huenda kinyume: ikikosekana, rangi hukolea; ikijaa, rangi haitoki. Kishimo cha Borka kilibaki kama maji matupu.

Mama yao akapiga simu. Ndiye aliyekuwa akimfokea Borka kila alipojikunja kitandani: “Acha kudeka, we mtoto!”

“Rangi imetoka?”

“Haijatoka, mama.”

“Si nilisema! Hakuwa na kitu.” Akashusha pumzi. “Afadhali. Leo nitalala.”

Etelka akakifunika kibao, maana kile kishimo kilikuwa kinamtazama.

“Lala, mama.”