Amne Mhina na Matoleo Elfu Kumi na Mbili

Wanaopita steshenari ya Mitesh, karibu na stendi ya Korogwe, wanamjua Amne Mhina kama mama anayechapa barua za maombi ya kazi bila kukosea. Sisi wa kamati ya kamusi tunamjua kwa jambo jingine. Nalisimulia mimi kwa sababu ukimwuliza mwenyewe atakuambia alibonyeza vitufe tu.

Amezaliwa Mkata, Mzigua kwa baba na mama. Alimaliza kidato cha nne, akaja Korogwe kujifunza kuchapa, na Mitesh akamwajiri. Siku moja Mwalimu Obadia, mstaafu aliyekuwa ameanza kukusanya maneno ya Kizigua na Kishambaa, aliingia dukani na madaftari manane yaliyofungwa kwa kamba. Aliuliza nani anaweza kuyachapa. Amne alifungua la kwanza, akasoma ukurasa mmoja, akasema, "Mwalimu, hili neno hamkuliandika sawa. Kwetu Mkata halitamkwi hivi."

Tangu siku hiyo akawa mmoja wetu. Mimi nilikuwa mjumbe wa Magoma, nikikusanya Kishambaa cha huku milimani na mabondeni. Kila nilichoandika kilipitia mikononi mwa Amne.

Mtaalamu wa kompyuta aitwaye Enock, mzaliwa wa Handeni anayefanya kazi Dar es Salaam, alituwekea programu ya kutunza matoleo kwenye kompyuta iliyokaa chumba cha nyuma cha Mitesh. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleweka. Kila Amne alipohifadhi mabadiliko, programu iliweka toleo jipya bila kufuta la zamani, pamoja na tarehe na jina la aliyeleta neno. Ukitaka kamusi ilivyokuwa miaka mitano iliyopita, unaipata.

Hilo lilituokoa mara nyingi. Bibi Grasiana wa Kerenge alitupa jina la mvua nyepesi inayonyesha huku jua linawaka. Wajumbe wawili wakabisha, wakasema hakuna neno kama hilo, likaondolewa. Miaka miwili baadaye wazee wengine watatu wakalitaja vilevile. Bibi Grasiana alikuwa ameshafariki, lakini Amne alirudi kwenye toleo la zamani, akalitoa neno pamoja na mfano wa sentensi aliyoisema bibi kwa kinywa chake.

Basi mwaka huu, mwezi wa tatu, kompyuta ikagoma kuhifadhi. Diski ilikuwa imejaa. Ghala la matoleo peke yake lilikuwa limefika gigabaiti sitini na moja, wakati kamusi yenyewe ni faili moja la maandishi ambalo halifiki hata megabaiti kumi na tano. Amne alimpigia simu Enock.

"Dada Amne, futeni historia," Enock akasema. "Bakini na kamusi ya leo, tuanze upya. Ndiyo njia ya haraka."

"Na waliosema maneno?"

"Majina yao si yapo kwenye kamusi?"

"Ya waliokubaliwa yapo. Waliokataliwa je?"

Enock akakiri kwamba programu ina uwezo wa kujifungasha yenyewe, yaani kubana matoleo yachukue nafasi ndogo, ila alikuwa ameuzima miaka ya mwanzo, baada ya umeme kukatika katikati ya kazi. Aliogopa data zisiharibike. Tena, akasema, kwa kompyuta ndogo kama ile hana hakika kama itaweza.

Mwalimu Obadia aliitisha kikao. Wengi wetu tulikuwa tayari kufuta, nami nilikuwa miongoni mwao, sifichi. Amne aliomba wiki mbili. Mwalimu akamtazama juu ya miwani, akasema, "Mama Amne, tunakuachia. Usiharakishe."

Kwanza akasoma. Maelekezo ya programu yalikuwa kwa Kiingereza kigumu, naye aliyasoma na kamusi pembeni, akiandika kwa Kiswahili kwenye kaunta buku. Jioni moja alinieleza alichoelewa. Kila toleo lilikuwa limewekwa zima zima. Ukibadilisha herufi moja, programu inaweka kamusi yote upya. Matoleo elfu kumi na mbili, basi ni kamusi elfu kumi na mbili zimelundikana mle ndani. Kufungasha maana yake ni kuweka chache nzima, na kwa zilizobaki kuandika tu tofauti kati ya moja na nyingine. Hakuna kinachotupwa.

"Ni kama mtu aliyenunua Biblia mpya kila alipopigia mstari aya moja," nikasema.

"Au msahafu," akacheka. "Ndiyo hivyo."

Aliazima diski ya nje kwa Mitesh, akanakili ghala lote, akaamua kufanya kazi kwenye nakala ili la asili lisiguswe. Kunakili kulichukua siku nzima. Kesho yake akatoa amri ya kufungasha. Baada ya dakika arobaini kompyuta ikasimamisha kazi, ikasema kumbukumbu haitoshi. Akarudi kwenye maelekezo, akakuta mahali pa kuiambia programu itumie kumbukumbu kidogo kidogo, hata kama itachelewa. Akaanza tena. Safari hii ikaenda vizuri mpaka saa sita mchana, umeme ukakatika Korogwe nzima.

Mitesh alimkuta amekaa mbele ya kioo cheusi.

"Imeharibika?" akamwuliza.

"Sijui, bosi. Ngoja urudi."

Uliporudi, alikagua ghala toleo kwa toleo kwa amri ya kukagua. Lote lilikuwa zima. Hapo ndipo alipogundua kwamba programu haiondoi kitu cha zamani mpaka kifurushi kipya kikamilike. Hofu iliyomfanya Enock azime uwezo ule miaka yote haikuwa na msingi. Kilichobaki kutokana na kukatika kule kilikuwa faili moja la muda lisilokamilika, akalifuta.

Mitesh akasema Jumamosi angemwashia jenereta ya duka kutwa nzima. Nami nilishuka kutoka Magoma asubuhi hiyo nikashuhudie. Alianza saa tatu. Asilimia zilipanda polepole, huku yeye akiendelea kuchapa barua za wateja kwenye kompyuta ya mbele, akija kuchungulia kila baada ya muda. Ilipofika saa tisa na nusu alasiri, kazi ikaisha. Akaandika amri ya kupima ukubwa.

Megabaiti mia tatu na tisini.

Nilidhani sikusoma vizuri.  Amne alikagua tena matoleo yote, akayahesabu, yakawa sawasawa na ya mwanzo, hata moja halikupungua. Kisha akafungua toleo la kwanza kabisa, lile alilochapa kutoka madaftari ya Mwalimu, akalisoma kwa sauti kuanzia juu. Sauti yake ilikuwa imara, ya mtu anayejua alichofanya.

Mwalimu Obadia alipopewa habari alisimama, akampa mkono, akaushika kwa mikono yake yote miwili. Mimi nilimwomba Amne radhi kwa kutaka tufute. Akaniambia, "Ulikuwa hujaona bado."

Ghala lililofungashwa likawekwa kwenye kompyuta badala ya lile kubwa, na sasa lote linaingia kwenye flashi ya kawaida. Amne ametengeneza nakala za shule za Magoma, Kerenge, Mkata na Handeni mjini, na kila shule ina historia kamili, si kamusi ya leo tu. Diski ikiungua Korogwe, hatujapoteza kitu. Enock ameurudisha ule uwezo wa kujifungasha, kisha akaomba yale maelezo ya Kiswahili ya kwenye kaunta buku ili ayatume kwa vikundi vingine anavyovisaidia. Amne aliyachapa kurasa kumi na moja.

Tulipoyakabidhi Handeni pamoja na nakala ya shule, afisa mmoja wa elimu aliuliza ni mtaalamu gani aliyeyaandika. Mwalimu Obadia alitaka kujibu, lakini Amne alikuwa ameshanyanyuka kwenye kiti.

"Ni mimi," akasema. "Amne Mhina, wa Mkata."