Kokoto Kwenye Breki

Bibi Spana alikuwa mjane na fundi magari kwa miaka ishirini sasa, mwenye mikono migumu na ulimi mwepesi. Asubuhi moja muuza nyama aliingia gereji akifoka. Breki alizofungiwa juzi zilikuwa zinakwaruza gari likienda polepole.

“Mama, umenifungia pedi mbovu!”

“Tulia, baba. Ngoja nifungue gurudumu.”

Hakutulia. Alimzaba kofi lililombwaga juu ya jeki, mdomo ukapasuka. Bibi Spana aliinuka na spana ya magurudumu, akamtandika nayo mkononi. Mfupa ulilia kama ukuni mkavu, na jitu zima likaketi chini likilia.

Huku akitema damu, mama alifungua gurudumu. Pedi zilikuwa nzima. Kokoto ilikuwa imenasa kati ya diski na bati linaloikinga. Aliichokoa kwa bisibisi, akafunga gurudumu, akamsukumia mteja wake ndani ya gari hilohilo na kumpeleka hospitali mwenyewe.

Njiani alipunguza mwendo, akakanyaga breki mara tatu. Kimya.

“Umesikia?”

“Nimesikia, mama. Nisamehe.”

“Msamaha usubiri kwanza mdomo wangu upone,” alisema, akakata kona kuingia hospitalini.