Pua Inatazama Natroni

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe alilolipiga pasi mama yangu kule Marangu, nikaripoti kiwanja cha ndege cha Manyara kama rubani mwanafunzi, nikitegemea kukabidhiwa ndege. Rubani Mkuu akanikabidhi fimbo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kampuni yetu ilikuwa na ndege mbili ndogo za kubeba watalii na, ikitokea dharura, wagonjwa.

"Chora hapo kwenye vumbi," akasema. "Pua ya ndege inatazama kaskazini, kasi maili mia na ishirini kwa saa. Upepo unatoka magharibi, maili hamsini. Juu ya ardhi utakwenda kasi gani?"

"Mia na sabini, mzee."

"Ala! Kwani tunajumlisha viazi hapa?"

Akaninyang'anya fimbo. Vekta, alieleza, ni kitu chenye ukubwa na mwelekeo, ndiyo maana huchorwa kama mshale: urefu wake ni ukubwa, pembe yake ni mwelekeo. Akachora mshale wa ndege, na kwenye ncha yake akaanzisha mshale wa upepo kwenda mashariki. Kisha akaunganisha mwanzo wa ule wa kwanza na ncha ya ule wa pili. Mshale huo wa tatu ndio jumla. Tukaupima: maili mia na thelathini, umeinama digrii ishirini na mbili hivi kuelekea mashariki. Nilikasirika, maana shuleni hesabu hizo nilizifaulu, ila hakuna aliyewahi kuniambia kwamba zinasukuma ndege.

Kwetu hakuna rubani aliyewasha injini kabla ya kuchora pembetatu ya upepo, hata kama alikuwa anakwenda kuonyesha watu flamingo tu. Ndege zilipofungwa GPS tukadhani adhabu imekwisha. Wapi! Rubani Mkuu alizidi kukagua michoro yetu, na tulimsema sana mgongoni.

Masika moja, alasiri, tukapokea simu ya upepo kutoka Enguserosambu, kaskazini karibu na mpaka wa Kenya. Mama mjamzito alikuwa na uchungu tangu jana yake, sasa anavuja damu, na mvua zilikuwa zimekata barabara. Kiwanja cha kule hakikuwa na taa, kwa hiyo ilikuwa lazima tufike kabla jua halijazama. Nikaruka na Sista Basilisa, muuguzi Mwiraqw wa Karatu, mwanamke asiyemung'unya maneno.

Mawingu yalikuwa yamefunika karibu milima yote ya Ngorongoro, tukapita juu yake. Muda si mrefu GPS ikazimika. Niliipiga kofi, nikaibembeleza, wapi.

Nikashika mwelekeo niliouchora, na dakika ishirini tangu izimike nikatazama nje. Juu ya mawingu vilichomoza vilele viwili, Loolmalasin nyuma yetu na Lengai kulia. Lengai ilikuwa mbali mno. Nikapima pembe ya kila kilele kwa dira, nikachora mistari miwili kwenye ramani, na pale ilipokatana ndipo tulipokuwa: maili kumi magharibi ya mahali nilipopanga.

Hapo ndipo kutoa kunapokuja. Kutoa vekta ni kuugeuza mshale wake utazame kinyume, kisha unajumlisha kama kawaida. Nilichukua safari tuliyoifanya kweli, nikatoa safari niliyoipanga. Ukabaki mshale wa maili kumi kwenda magharibi, kazi ya upepo kwa dakika ishirini. Kwa saa ni maili thelathini, upepo mkali wa mashariki ambao utabiri haukuutaja kabisa.

Nikageuza pua digrii thelathini kulia: karibu nusu ya kurudisha tulichopoteza, nusu ya kupambana na upepo.

"Kapteni, unakwenda wapi? Huko si ziwa Natroni?"

"Pua inatazama Natroni, Sista. Ndege inakwenda Enguserosambu."

"Usinifanye mtoto! Mama wa watu anakufa na wewe unatupeleka Kenya!"

Akaanza kulia, huku akinishika mkono ninyooshe pua. Moyo wangu ulitaka kumsikiliza. Mafuta yalitosha kwenda na kurudi, si kuzungukazunguka kutafuta, na ushahidi wangu wote ulikuwa mistari ya penseli. Niliogopa kuliko yeye. Sikunyoosha.

Mawingu yalipofunguka, Sista alikuwa ametumbulia macho mbele ya pua, haoni kitu. Nikamwonyesha kushoto. Kiwanja kilikuwa pale, na vijana wa Kimaasai walikuwa wanaswaga ng'ombe kuwatoa njiani. Alifuta machozi, akafungua mkoba wake wa dawa.

Tulimpakia mama yule tukarudi naye, akafanyiwa upasuaji Karatu siku ileile. Alipona, yeye na bintiye. Sista alipotoka kuniambia, nilikaa chini kwenye ngazi za hospitali nikalia kama mtoto mdogo.

Sasa nimestaafu, nalima vitunguu, na marubani wanafunzi huja nyumbani kwangu kusaidiwa hesabu. Wananiona mkali. Juzi binti mmoja alichora mshale wa upepo kichwa chini, nikamfokea. Akasema, "Lakini Kapteni, ni mchoro tu. Yule mama unayetuhadithia kila siku, ungekuwa umekosea, ingekuwaje?"

"Kungekuwa na mama mmoja kaburini na mtoto tumboni mwake," nikamwambia, "na mimi hadi leo ningekuwa nakitafuta kile kiwanja ndotoni."

Alichukua kifutio, akaanza upya.