Uji wa Minyoo

Shule niliiacha darasa la pili, na sikuililia. Wenzangu waliosoma walikuwa bado wanazunguka na kalamu mfukoni wakitafuta ukarani wakati mimi nilikuwa tayari na ng'ombe zizini. Ng'ombe hao walitokana na minyoo. Cheka ukitaka. Wengi walicheka kabla yako, na baadhi yao nimesaidia kuwachimbia kaburi.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya uhuru. Nilifagia duka la nguo la Mhindi mmoja mjini Kisii. Kando ya cherehani aliweka tangi la kioo lenye maji, na ndani yake samaki wadogo wa rangi, mikia inapepea kama leso. Watu walitoka hata Ogembo kuja kuwatazama. Mama mmoja wa ziwani aliyeuza samaki sokoni aliingia, akainama, akatazama sana, akasema, "Hawa hata paka ukimpa atakutukana," akatoka zake.

Mhindi alitaka wazaane. Chakula cha mkebe walikula wakashiba, lakini kutaga hawakutaga. Ndugu yake wa Nairobi ndiye aliyemletea kopo la udongo wenye minyoo myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea. Dukani chini ya mabati joto lingeiua. Akaniuliza kama kwetu kuna baridi. Nikamwambia kwetu, upande wa Nyamira, asubuhi hata mbwa anatetemeka.

"Basi peleka kwako, fanya iwe mingi," akasema. "Hii ikikufa, wewe usirudi hapa."

Hakunifundisha zaidi ya hapo. Nilijifundisha. Nilichukua sanduku la sabuni, nikachekecha udongo wa chini ya migomba, nikaujaza. Sanduku nililipigilia miguu, nikaisimamisha ndani ya makopo ya maji yenye mafuta ya taa, maana siafu wakiingia usiku mmoja hawaachi kitu. Katikati ya udongo nilichimba mfereji mdogo, nikamwaga uji mwepesi wa wimbi wenye maziwa, nikafunika kwa kipande cha kioo. Minyoo ilipanda kuula ikashikamana chini ya kioo, mafundo kwa mafundo. Niliikwangua kwa unyoya wa kuku, nikaisuuza, nikaitia kwenye kopo la sigara, nikaenda nayo mjini.

Kule, Mhindi aliwaita wateja. Niliidondosha majini ikiwa bado inajikunja, na samaki waliivuta huku na huku mpaka ikakatika. Mhindi alipiga makofi kama mtoto. "Tazama, iko hai! Tazama!" Watu wakaacha kununua vitambaa. Samaki wakataga. Vifaranga vilivyokua aliwauzia rafiki zake wa Kisumu, akanipa fungu langu. Mimi fungu langu nililigeuza ndama.

Shida ilikuwa uji. Mama alikataa katakata. Alisema hajazaa ili apikie wadudu. Basi nikawa naketi jikoni mwenyewe, mwanamume aliyetahiriwa, nakoroga uji mekoni pa wanawake, jirani wakipita wanachungulia. Wakanipa jina: Baba Minyoo. Kwa Kiswahili hilo si tusi kubwa. Lakini kwa Kikisii baba ni mama mzazi. Kwa hiyo walinipiga kwa lugha mbili kwa jiwe moja. "Baba Minyoo, watoto wameshanyonya?" Mimi nilikoroga tu.

Kisha nikataka kuoa. Msichana alikuwa wa upande wa Ogembo, mrefu, mwenye maneno machache, na alinipenda. Hilo nalijua kwa sababu aliniambia mwenyewe. Nilimtaka yeye, si mwingine. Esigani, yaani mshenga wetu, bibi mmoja mzee, alipeleka habari. Wazee wa kwao wakasema watakuja kutazama boma na ng'ombe. Wakija wakaridhika, mke ninaye. Wasiporidhika, basi.

Walikuja siku mbaya. Ng'ombe mmoja tu ndiye aliyekuwa akitoa maziwa, na maziwa ya asubuhi hiyo nilikuwa nimeshayatia kwenye uji. Kesho yake Mhindi alikuwa na wageni, alitaka kopo lijae. Mama akawapa wakwe chai ya rangi. Baba ya msichana aliangalia kikombe kana kwamba kuna nzi ndani.

"Ng'ombe nimewaona," akasema. "Wanakamuliwa na nani, wachawi?"

Kaka ya msichana, kijana mwenye kiatu cha kung'aa, akasimama akafuata harufu ya uji mpaka nyuma ya jiko, nilikokuwa nimepiga magoti mbele ya sanduku, mwiko mkononi.

"Mzee, njoo uone! Maziwa yako hapa. Baba Minyoo ananyonyesha!"

Wakaja wote. Mzee akainama kwenye kioo.

"Hivi vinakula maziwa?"

"Vinakula, mzee. Hao ng'ombe uliowaona vimewazaa vyenyewe."

"Na binti yangu atakula nini?"

"Atakula kabla yao."

"Leo mimi nimekula kabla yao?" mzee akauliza. Bibi esigani akaanza kucheka ili kulainisha mambo, lakini hakuna aliyemfuata.

Kaka mtu akarudi ndani akatoka na birika. "Tusibague," akasema. "Wamekunywa maziwa yetu, wanywe na chai yetu." Akaondoa kioo kwa kidole kimoja, taratibu, huku ananitazama usoni. Alijua. Kwetu mkono ukiinuliwa kwa mkwe, hakuna ng'ombe wa kuurudisha chini. Alijua nikimpiga, dada yake simpati. Nisipompiga, kazi sina. Akamwaga chai inayotokota sanduku zima. Minyoo ilijikunja mara moja, ikalala juu ya udongo kama wali uliomwagika.

"Haya, mwoaji," akasema.

Nilimpiga kwa mwiko, uji na yote. Ulimshika shavuni akapiga kelele kama mbuzi. Baba yake alichukua fimbo yake, akapita katikati ya ng'ombe wangu bila kuwatazama, wakaondoka. Bibi esigani alimkimbilia nyuma akimwita, mpaka sauti ikaisha mtelemkoni.

"Umempiga mkwe kwa ajili ya minyoo," mama akasema.

"Nimempiga kwa ajili ya ng'ombe."

Nikaingiza vidole kwenye udongo. Juu palikuwa moto. Chini, karibu na mbao, palikuwa baridi, na katika ubaridi ule nyuzi zilikuwa zinatembea. Chai haikufika. Msichana aliolewa na mwalimu kabla mahindi hayajakauka. Nasikia alilia. Sikwenda kuuliza.

Jioni ile ile nikaosha sufuria, nipike uji mwingine. Mama alikuwa amemwagia moto wake maji makusudi. Nikaenda kwa jirani kuomba kaa la moto. Akanichagulia kubwa, akaliweka kwenye kigae, akatabasamu.

"Wageni wamekwenda vizuri? Harusi lini?"

"Imekwisha," nikamwambia. "Niongezee lingine, hili litazimika njiani."