Mshika Kamba wa Kisima cha Korongoni

Kaeni chini niwaambie habari za Rehani, baba yangu, aliyetunza kisima cha mji huu wakati wa Wadachi. Na asinikatishe mtu. Habari hii nikikatishwa sirudi tena, nitaingia ndani nikalale.

Baba alikuwa Mnyamwezi. Alifika Dodoma na msafara, mzigo begani, mguu umevimba kama kibuyu. Wenzake wakamwacha hapa apone, wakaenda zao, na yeye akapona akasahau kuondoka. Akaoa, akanizaa mimi peke yangu, mama akafa. Reli ilipofika na mji ukaanza kuwa mji, boma likampa kazi ya kisima.

Kisima chenyewe kilikuwa korongoni, nyuma ya soko. Mto wetu huo hauna maji ya kuonekana. Maji yako chini ya mchanga, na kadiri kiangazi kinavyokaza ndivyo unavyoyafuata chini. Masika unachimba kwa mkono tu unayapata. Ikifika mwezi wa kumi, shimo lina kina cha watu watatu. Mchanga hauna adabu, unaporomoka, basi baba akazizuia kuta kwa magogo, moja juu ya jingine, pande zote nne.

Kazi ile ilikuwa ya watu wawili. Mmoja anashuka kuzoa mchanga na tope ili maji yapenye, kamba imefungwa kiunoni mwake. Wa pili anasimama juu ameshika kamba, na hana kazi nyingine. Hasogoi, hanunui karanga, hageuki kutazama wasichana. Mshika kamba wa baba alikuwa Shaban, kijana mpole wa maneno machache. Baba alimtazama miaka miwili pale juu ya shimo, halafu akamwoza mimi. Alisema mtu anayejua kushika kamba ya mwenzake, mke hatamshinda.

Sasa kulikuwa na Matonya. Huyu alikuwa Mgogo wa Mkonze, mfugaji, kila siku ya tatu analeta ng'ombe wake kunywa. Yeye na baba walikuwa watani, Mgogo na Mnyamwezi. Jamani, utani wao! Matonya akifika hasalimu kwanza, anaanza kutukana.

"Babu yako alimlipa babu yangu hongo ya njia ndipo anywe maji haya. Leo wewe unalipwa kuyazoa. Ama kweli dunia imeharibika!"

Na baba kutoka chini ya shimo anamjibu, "Mtani! Nimekufa huku, njoo unizike!"

"Oza huko huko! Mpagazi ana sanda?"

Watu wanacheka, ng'ombe wanakunywa. Ilikuwa hivyo miaka yote, na aliyekasirika ndiye aliyeshindwa.

Halafu vikaja vita vya Wazungu. Mwaka wa pili wa vita, kiangazi kikali, tukasikia mbiu sokoni. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Alisimama Jumbe Athuman, mtu wetu huyu huyu, kanzu nyeupe, akasema serikali ina vita, haiwezi kulisha watu wa kufagia na kuzoa taka. Wote basi, kuanzia siku ile. Kisimani atabaki mtu mmoja. Na magogo yote ya kuni ni ya gari moshi.

Baba akasema, "Jumbe, kisimani tuko wawili kwa sababu kazi ni ya wawili."

Athuman akajibu, "Bwana mkubwa amepita pale kwa macho yake. Ameona mmoja anachimba, mwingine amesimama. Aliyesimama hana kazi, na vitani wanataka wapagazi."

Aliyesimama hana kazi! Mpaka leo maneno yale nikiyakumbuka nataka kurusha kitu. Shaban alichukuliwa Jumatatu iliyofuata, na mimi nina mimba ya miezi saba. Aliondoka na kamba ya mizigo shingoni, akanigeukia mara moja, na sikumwona tena.

Mji ukaanza kuoza. Lakini hautuozei sote sawa, nawaambia kweli. Barabara ya Wazungu ilifagiwa na wafungwa kama kawaida, na maji yao yaliletwa na gari moshi kwenye pipa la chuma. Wahindi wa madukani kila mmoja alijitafutia mfagiaji wake, wa kufagia baraza yake tu, taka anazisukuma kwa jirani, na maji wakaletewa kwa punda. Sisi wa nyuma ya soko tulibaki na nzi. Jirani yangu Batuli alikuwa akiuza uji pale sokoni, wateja wakamkimbia, maana nani anywe uji pembeni ya utumbo wa mbuzi wa juzi? Nao Wagogo wa Mkonze na Ipagala wakingoja maji tangu alfajiri hadi adhuhuri, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuzoa kisima cha mji mzima. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, basi na mwenye pipa hamjui mwenye kibuyu.

Baba aliendelea kushuka peke yake. Magogo ya chini yalikuwa yameoza. Akaenda bomani kuomba mengine, akaambiwa ya gari moshi. Akaenda tena, akafukuzwa na askari. Jioni alikuja akakaa kizingitini kwangu akasema, "Sikuzani, ukuta wa upande wa juu umeanza kutoa tumbo." Nilijua maana yake. Sote mle ndani tulijua kwamba kisima kile kingemmeza kabla ya mvua, labda mvua ziwahi.

Nikajifungua mtoto wa kiume. Batuli ndiye aliyenipokelea. Nilikuwa ndani ya arobaini, sitoki, maji nililetewa na baba, kibuyu kimoja kila siku, akipata.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili alikuja mikono mitupu. Akasema, "Leo nitaacha ukuta utulie, mwanangu. Nitashuka kesho, nikipata mtu wa kunishikia kamba."

Na mimi nikamfokea. Ndiyo, mimi. Nilikuwa sijalala, maziwa yanauma, joto limejaa chumbani. Nikamwambia, "Mtoto huyu ananuka, baba. Tangu juzi sijamwogesha. Wewe ndiye mtu wa maji wa mji huu, na mjukuu wako ananuka!"

Baba aliinama. Akamshika mtoto kisigino kidogo hivi, kwa vidole viwili, akachukua kibuyu, akatoka. Sikumwambia hata "haya, baba". Mtu hujui, ndiyo maana unajiachia mdomo.

Yaliyotokea huko nimeyapata kwa Matonya mwenyewe. Alifika na ng'ombe wake, akakuta kamba imefungwa kwenye mti na baba yuko chini. Ng'ombe hawaruhusiwi kusogea ukingoni, wanakanyaga mchanga unaporomoka, kwa hiyo aliwashikilia mbali, hatua kama thelathini. Akapaza sauti, "Mbukwa, mtani! Bado hujazeeka ukafa?" Baba akacheka, Matonya akamsikia.

Baada ya kitambo baba akaita. "Matonya! Mchanga!"

Matonya akajibu, "Kula huo mchanga! Wanyamwezi mnakula kila kitu!"

Baba akaita tena. "Mtani wangu, njoo!"

"Siji! Sanda yako iko wapi?"

Halafu kimya. Na Matonya akacheka peke yake pale, akapiga na mapaja, kwa sababu miaka yote ile ilikuwa mara ya kwanza Rehani kukosa jibu. Alidhani amemshinda. Akaanza kuutunga vizuri moyoni ushindi wake, atakavyousimulia Mkonze. Ng'ombe mmoja akalia kwa kiu, ndipo akasogea kwenda kudai maji, akaona hakuna shimo.

Walimfukua mpaka alasiri. Matonya alichimba kwa mikono, kucha zikatoka. Walimleta kwangu amelazwa juu ya mlango uliong'olewa kwa mtu, mchanga masikioni, mchanga kinywani. Kibuyu walikikuta mkononi mwake kimepasuka.

Mnajua mtani ana kazi yake msibani. Ndiye anayechekesha. Anamwigiza marehemu, anazuia jeneza mpaka apewe chochote, anawapumzisha wafiwa wasife kwa machozi. Watu walimngoja Matonya. Hata sheikh alichelewa kidogo makusudi, akamngoja. Alikuja, akasimama mbele ya jeneza, akanyoosha mikono kuzuia njia kama ada inavyotaka. Akafungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Tuliona midomo ikicheza, mtu mzima yule, na mikono imenyooshwa vile vile. Mwishowe Batuli alimshika begani akamsogeza kando, watu wakapita.

Wakati wa matanga alikuja kukaa mlangoni kwangu. "Aliniita mara mbili," akaniambia. "Mara mbili, Sikuzani." Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumwambia pia nani aliyemtuma baba kule, lakini sikuweza. Tulikaa hivyo, wawili wenye hatia, na bomani bendera inapepea.

Boma lilifanya nini? Lilimtuma Athuman kusema kisima kimefungwa mpaka amri nyingine. Basi. Alisema akiwa ametazama miguu yake, na mwanamke mmoja akamtemea mate karibu na viatu. Wazungu waliendelea na pipa lao. Sisi tulikaa siku mbili bila tone, na siku ya tatu mtoto wangu alilia bila machozi.

Nikajifunga kanga mbili, nikambeba, nikatoka. Siku ya kumi na tano, arobaini haijafika hata nusu. Batuli alinipigia kelele nyuma, "We Sikuzani, unajiua!" Sikugeuka.

Korongoni nikakuta ng'ombe wa Matonya wamesimama mbali. Shimo lilikuwa limefunguliwa, dogo, bila gogo hata moja. Kamba imefungwa kwenye mti. Nikalala kifudifudi ukingoni, mtoto pembeni, nikaona kichwa cha Matonya, cheupe kwa vumbi, kule chini.

"Shikamoo, baba Matonya."

Aliinua uso. Kisha akasema, "Marahaba. Rudi nyumbani, mzazi. Maji nitayaleta."

"Nani yuko juu na wewe?"

"Hakuna mtu."

Nikaifungua kamba mtini. Nikaizungusha kiunoni, kidonda cha uzazi kinaniuma, nikakaa chini nikakaza visigino kwenye mchanga. Nilikuwa nalia, ndiyo, lakini macho hayakuondoka pale shimoni. Akaanza kuzoa. Kila baada ya makarai mawili matatu aliacha kuzoa, akaita jina langu, taratibu, bila mzaha wowote.

"Sikuzani?"

"Nipo, baba."

Aliniita mara nyingi mno siku ile, na kila mara nilimjibu.